Kuhifadhi vifaa vya kufundishia nyumbani ili vimfae mtoto anayefuata

Mleta uzi:

Wanajamvi, salaam. Naomba kuleta mada ambayo wazazi tunaofundisha watoto wetu nyumbani huikumbuka tukiwa tumeshachelewa, nayo ni namna ya kuhifadhi vifaa vya kufundishia baada ya mtoto mmoja kuvimaliza, ili mdogo wake atakapofika hatua hiyohiyo miaka kadhaa baadaye tusianze upya kana kwamba hatujawahi kulifundisha somo hilo.

Mtoto wangu wa kwanza na wa pili wamepishana miaka mitano. Wa kwanza alipomaliza hisabati za ngazi ya chini nilikusanya kila kitu, nikakipakia katika katoni tatu, nikaandika juu yake "HISABATI" kwa kalamu ya wino mzito, nikaziba kwa selotepu na kujiona nimefanya kazi ya mtu mwenye akili. Ilipofika zamu ya mdogo wake nilizifungua mbele yake, naye amekaa pembeni ananisubiri. Mipira niliyofungia kadi za namba ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na kadi zenyewe, ikabidi niibandue kadi moja baada ya nyingine, na kila niliyoibandua iliacha ngozi yake kwenye mwenziwe. Duara la theluthi, lile ambalo mtoto hupanga vipande vitatu ili aone kuwa vinatimiza kitu kizima, lilikuwa na vipande viwili. Saa ya kufundishia ilikuwa imevujiwa na betri yake na kufunikwa unga mweupe. Hayo yote yangevumilika. Kilichoniuma ni bunda la karatasi za mazoezi zipatazo mia mbili, nilizoziandaa mwenyewe usiku watoto wakiwa wamelala, ambazo sasa nilizitazama nisijue ipi ilitangulia ipi, ipi mtoto aliielewa mara moja na ipi ilimliza. Ujuzi wa kulifundisha somo lile nilikuwa nimeuacha kichwani, na kichwa hakizibwi kwa selotepu.

Tangu siku hiyo nimebadili utaratibu, na napenda kuueleza hapa ili wenye uzoefu mkubwa zaidi wanikosoe. Jambo la kwanza ni kwamba sihifadhi tena kwa somo, bali kwa mada. Neno "hisabati" ni pana mno kuwa jina la boksi, ilhali "kulinganisha sehemu zenye asili tofauti", yaani sehemu ambazo namba zake za chini hazilingani, ni kitu ambacho mtu anaweza kukinyanyua kwa mkono mmoja, akakaa na mtoto mezani na kuanza. Kila mada ina fungu lake, ambalo ni boksi bapa linalopokea karatasi ya A4 bila kuikunja, maana yake liwe na ndani pana kidogo kuliko milimita 210 kwa 297. Ndani ya fungu huingia andalio la somo, nakala mama moja ya kila zoezi isiyoandikwa chochote, majibu yake, kadi, pamoja na vipande vya kushika mkononi vikiwa ndani ya kifuko cha zipu. Vitabu havikai humo, kwa sababu kitabu kimoja hutumika katika mada kumi. Badala yake naandika jina la kitabu na kurasa zinazohusika.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni ukurasa wa mbele. Huu ni ukurasa mmoja unaolala juu ya vyote, na naomba niunukuu mmoja kama ulivyo, kwa kuwa maelezo matupu hayatoshi:

"Fungu la 40. Kulinganisha sehemu zenye asili tofauti. Kabla ya hapa mtoto awe anajua jedwali la kuzidisha hadi 12. Nilipanga siku 5, tukatumia 9. Zoezi la 3 litangulie zoezi la 2, kwa sababu la 2 linataja moja ya nane kabla hatujaigusa. Alishikilia kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya tatu kwa kuwa nane ni kubwa kuliko tatu. Kumweleza kwa maneno hakukusaidia. Kilichosaidia ni kukunja vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, kimoja sehemu tatu, kingine sehemu nane, kisha kuvilaza sambamba. Zoezi la 6 linachanganya tu, lisitumike. Kifukoni: maduara 9, vipande 51."

Ukurasa huo hunichukua dakika kumi siku ambayo mada inakwisha, na lazima uandikwe siku hiyohiyo. Ukisema utauandika mwishoni mwa muhula, utaandika mambo ya uongo kwa nia njema, kwani utakuwa umeshasahau machozi na kukumbuka ushindi peke yake.

Hesabu ya vipande nayo si urembo. Naiandika kwenye kifuniko: tangramu (fumbo la vipande vinavyopangwa kuwa mraba) 7, domino 28, na kadhalika, na kifuko hakifungwi kabla ya kuhesabiwa. Vifaa havilingani katika jambo hili. Katika vijiti vya rangi vya Cuisenaire, ambavyo urefu wake huanzia sentimita 1 hadi 10, ukipoteza kijiti cheusi cha 7 utaunganisha cha njano cha 5 na chekundu cha 2 na somo litaendelea; ukipoteza kipande kimoja cha tangramu, mraba haufungi tena na fungu zima limekufa.

Mwisho, mafungu yanasimama kwenye rafu kama vitabu, hayalali moja juu ya jingine, maana lililo chini kabisa huwa halifunguliwi. Nayapa namba kwa kuruka makumi: 10, 20, 30. Nikigundua baadaye kuwa kati ya 30 na 40 palihitajika mada ndogo, naiita 35 bila kubandua lebo nyingine hata moja.

Mchangiaji wa kwanza:

Shukrani, ndugu mleta uzi. Mimi ni mama wa watoto wanne na nimekuwa nikihifadhi kwa mwaka, yaani boksi moja kubwa kwa kila mwaka wa masomo, likiwa na masomo yote ya mwaka huo. Faida yake ni kwamba mdogo akianza mwaka, nateremsha boksi moja tu. Je, huoni kuwa utaratibu wako wa mada unazalisha maboksi mengi mno kwa nyumba yenye nafasi ndogo? Na vitabu vya hadithi na vya kujisomea unavifanyaje?

Mleta uzi:

Mama, swali lako nimelitafakari sana kabla ya kujibu, kwa kuwa nami nilianza hivyo. Boksi la mwaka lina dhana ndani yake, kwamba mtoto wa pili atatembea kwa mwendo wa yule wa kwanza katika kila somo. Kwangu haikuwa hivyo: mdogo alianza kusoma mapema kuliko kaka yake, lakini katika hisabati alibaki nyuma karibu mwaka mzima, hivyo nikajikuta nimefungua maboksi matatu ya miaka mitatu na sakafu haina pa kukanyaga. Mafungu yenye namba humwacha kila mtoto awe kwenye namba yake katika kila somo.

Hata hivyo yapo masomo ambayo utaratibu wako unaushinda wangu. Historia, jiografia na sehemu kubwa ya sayansi hazipandi ngazi kama hisabati. Unaweza kuwafundisha wanne wote pamoja mada moja, kila mmoja kwa kina chake, na kuirudia baada ya miaka mitatu au minne wadogo wakiwa wamekua. Kwa masomo hayo boksi la mwaka wa mzunguko linatosha kabisa, nami sasa ndivyo ninavyofanya. Ndani yake naweka mazoezi ya viwango viwili, ya wadogo na ya wakubwa, kwa sababu aliyekuwa mdogo safari hii atarudi akiwa mkubwa.

Kuhusu vitabu, nimeazima mgawanyo wa vitabu vya maktaba aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ila nimeishia kwenye makundi yake kumi makuu: 500 kwa sayansi, 900 kwa historia na jiografia, na mengine. Kila kundi lina utepe wa rangi yake kwenye mgongo wa kitabu. Mtoto wa miaka minne hasomi namba za maktaba, lakini anajua utepe wa kijani unarudi penye kijani.

Mchangiaji wa pili:

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka kwa miaka mingi, na naomba kuongezea upande wa vifaa vyenyewe, kwa kuwa yaliyompata mleta uzi katika katoni zake yangeweza kuzuilika yote.

Mipira ya kufungia isitumike kabisa kwa kitu kitakachokaa zaidi ya miezi michache, kwani huoza, hunata na kuacha doa lisilotoka. Mkanda wa karatasi au uzi wa pamba unatosha. Pini na klipu za chuma huota kutu penye unyevu na kuitoboa karatasi. Selotepu ya kawaida hugeuka njano, gundi yake huhamia kwenye karatasi, na plastiki yake hudondoka, kwa hiyo hutabaki na kiungo wala karatasi safi. Karatasi zilizotokana na magazeti huwa njano na kuvunjika kwa sababu ya lignini, yaani kile kinachoupa mti ugumu, na asidi iliyomo. Picha ya gazetini unayotaka idumu, itolee fotokopi kwenye karatasi nzuri.

Kuna kosa moja ambalo wazazi wengi hulifanya wakidhani wanajilinda, nalo ni kuweka fotokopi ndani ya mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ambayo mara nyingi huwa ya PVC. Wino wa fotokopi na wa printa za leza hunata kwenye plastiki hiyo, na baada ya mwaka au miwili ukiivuta karatasi, maandishi yanabaki kwenye mfuko. Tafuta mifuko iliyoandikwa kuwa ni ya polipropilini. Ikiwa hii ni angavu, ina kazi ya ziada: mtoto anaandika juu yake kwa kalamu ya ubao mweupe, unafuta kwa kitambaa, na nakala mama moja inahudumia watoto wote bila kutoa fotokopi nyingine. Wino uliokaukia pale kwa wiki kadhaa, uchore juu yake upya kwa kalamu ileile kisha ufute ungali mbichi, utatoka wote.

Laminesheni, yaani kufunika karatasi kwa plastiki ndani ya mashine ya joto, nayo ni nzuri kwa kadi zinazoshikwa kila siku, mradi plastiki izidi ukingo wa kadi kwa milimita chache pande zote, vinginevyo maji huingia na kuanza kuibandua. Usipitishe risiti wala karatasi yoyote inayochapwa kwa joto, itatoka nyeusi tii. Na usipitishe mchoro halisi wa mtoto, kwa kuwa hakuna njia ya kuurudisha ulivyokuwa.

Kuhusu mahali, rafu iwe juu ya sakafu na isiguse ukuta wa nje unaopokea mvua. Unyevu wa hewa ukizidi takribani asilimia 65 na kudumu hapo, kuvu hupata makao. Katoni za kawaida zina gundi na mianya ambayo mende hupenda, kwa hiyo boksi la plastiki lenye kifuniko ni bora zaidi, lakini lisifungwe karatasi zikiwa na unyevu, maana utakuwa umeufungia ndani. Betri zitolewe katika kila kifaa kabla ya kuhifadhi, bila msamaha. Ile saa usiitupe bado: vaa glavu, futa ule unga kwa pamba yenye siki kidogo, ikaushe vizuri, kisha ijaribu kwa betri mpya.

Mleta uzi:

Nakushukuru sana, ndugu. Saa imefutwa kwa siki kama ulivyoelekeza na mishale inazunguka. Mifuko ya plastiki nimeinusa mmojammoja, nikaondoa kumi na saba.

Mchangiaji wa tatu:

Sisi nyumbani zaidi ya nusu ya vifaa vyetu viko kwenye kompyuta, na fujo ya huko ni mbaya kuliko ya katoni kwa sababu haionekani. Naomba kuchangia mambo machache.

Jina la faili libebe namba ileile ya fungu la kwenye rafu, kwa mfano "hisabati-040-zoezi-03-2024-03-15". Tarehe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kompyuta yenyewe itazipanga faili za zoezi hilohilo kwa mfuatano wa wakati bila wewe kugusa kitu. Majina kama "zoezi jipya" na "zoezi jipya la mwisho kabisa" sote tunayo, na tunajua yalikotufikisha. Kila zoezi lihifadhiwe kwa namna mbili, yaani faili unayoweza kuihariri, na PDF yake, kwa sababu ukibadili kompyuta au programu, ile ya kuhariri inaweza kufunguka mistari ikiwa imeruka na herufi zimebadilika, ilhali PDF hubaki kama ilivyotoka.

Kazi za karatasi zikipitishwa kwenye skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kuchapa tena bila ukungu. Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi isiwe chombo chako pekee. Ni ya kubebea, si ya kuwekea kwa miaka. Na mara moja kwa mwaka jaribu kufungua nakala hizo, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huwezi kuapa kwamba ipo.

Viungo vya intaneti ndivyo vinavyotuangusha. Somo lililotegemea video fulani linaporudiwa baada ya miaka mitano, video huwa imeondolewa. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mbele siandiki kiungo peke yake, bali naandika pia video ilionyesha nini, ili niweze kutafuta nyingine inayofanana nayo au kuonyesha mwenyewe.

Nina jambo jingine dogo kuhusu kadi za maneno. Tunazipanga katika kijisanduku chenye vyumba, kwa njia aliyoieleza Mjerumani Sebastian Leitner mwaka 1972, ambapo kadi aliyoikosa mtoto hurudi chumba cha kwanza na aliyoipata husonga mbele. Tunapohifadhi, zile zilizorudi chumba cha kwanza mara nyingi tunazitia nukta nyekundu kwa nyuma. Mdogo wake si lazima akosee hizohizo, lakini mimi mwalimu najua pa kuwa mwangalifu.

Mchangiaji wa nne:

Naomba kutofautiana kidogo na wote walionitangulia. Nilihifadhi vifaa vya mtoto wangu mkubwa kwa miaka saba na mwishowe sikutumia hata robo. Mdogo alikuwa na hamu nyingine, mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilika katika ufundishaji, na chumba kizima kilikuwa kimegeuka ghala. Je, hatuoni kwamba kuhifadhi kunaweza kuwa ugonjwa? Labda ushauri wa kweli ni kutupa.

Mleta uzi:

Ndugu, hatutofautiani sana kama inavyoonekana. Hicho kidogo ulichokitumia ndicho kilistahili kuhifadhiwa, na tatizo ni kukijua mapema. Kipimo changu ni swali moja ninalojiuliza mada inapokwisha: kama kitu hiki kingepotea usiku huu, ningekitengeneza au kukinunua tena? Karatasi ya kujumlisha ambayo programu yoyote inaweza kuizalisha kwa dakika moja haina haki ya kukaa kwenye rafu miaka mitano. Kadi za herufi nilizochora kwa picha za vitu ambavyo watoto wangu wanavipenda zinabaki. Vivyo hivyo nakala thelathini za zoezi moja hazina maana. Nakala mama moja inatosha, na nyingine hugeuzwa upande wa nyuma zikawa karatasi za kuchorea.

Nimejiwekea pia mpaka wa nafasi. Rafu ni moja, na ikijaa, fungu jipya haliingii mpaka la zamani litoke. Mtoto wa mwisho akishapita fungu fulani, linakwenda kwa familia nyingine likiwa kamili pamoja na ukurasa wake wa mbele, ambao nadhani huwafaa kuliko vipande vyenyewe. Vya kuazimisha naviandika kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa sababu urafiki ni kitu kizuri lakini haukumbuki nani ana tangramu.

Mchangiaji wa tano:

Salaam kwenu. Mimi ndiyo kwanza naanza, na nina maswali mawili. Vitabu vya mazoezi ambavyo mtoto huandika ndani yake vinaweza kutumiwa na mdogo? Na chati kubwa za ukutani mnaziweka wapi?

Mleta uzi:

Karibu sana. Kwa vitabu vya mazoezi, mfundishe mtoto kuandika majibu katika daftari tangu siku ya kwanza, akitaja ukurasa na namba ya swali. Atalalamika wiki mbili kisha atazoea. Kwa mtoto mdogo sana asiyeweza kunakili, tumia ule mfuko angavu wa polipropilini juu ya ukurasa. Kutoa fotokopi ya kitabu kizima ni jambo jingine: soma ukurasa wa haki za mchapishaji mwanzoni mwa kitabu, kwani wengine huruhusu nakala kwa familia moja na wengine hukataza kabisa.

Kazi alizofanya mtoto mwenyewe zisichanganywe na vifaa vya kufundishia. Hizo ni kumbukumbu zake na ushahidi wa maendeleo yake, na zina boksi lao lenye jina lake. Nilipozichanganya, mdogo alikuta majibu ya kaka yake yakimsubiri, pamoja na makosa yake.

Chati za A3 zikikunjwa mara moja katikati huwa A4 kamili na kuingia kwenye fungu. Kubwa kuliko hizo nazizungushia nje ya mrija mnene wa karatasi, si kuzisokomeza ndani yake, na kwenye ukingo naandika namba ya fungu ili nisiifungue kila moja kujua ni ipi.

Naongeza taarifa ya fungu la 40 limeishia wapi. Mdogo amelimaliza kwa siku 4, tukianza na zoezi la 3 kama ukurasa ulivyoagiza. Hakukwama penye moja ya nane kabisa. Alikwama penye kulinganisha sehemu mbili zilizo sawa kwa thamani, jambo ambalo kaka yake alilipita bila kuliona, nami nimeliandika chini ya maelezo ya kwanza kwa wino wa bluu ili sauti za watoto wawili zisichanganyike. Ile theluthi iliyopotea nimeikata kutoka kwenye kifuniko cha ndoo ya plastiki. Ni nene kidogo kuliko wenzake na rangi yake si ileile, lakini duara linatimia, na kifukoni vipande ni 51.